Vifaa vya kufungulia kufuli bila ufunguo: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

NI nadra kupata mlango katika Mahoo, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Taveta, usiotegemea kufuli. Nyumba ya kuishi, ghala la mahindi, duka la rejareja, hata sanduku la vyombo vya fundi: vyote hivyo usiku hukabidhiwa kipande cha chuma kinachotoshea kiganjani.

Kwa watu wengi, kufuli ni kitu cha kufunga na kusahau. Hata hivyo, wapo wanaoitazama jinsi wengine watazamavyo bao au sataranji. Hutaka kujua kilichomo ndani yake na kuifungua bila ufunguo, si kwa nia ya kuiba bali kwa sababu fumbo lililo mbele yao haliwapi usingizi.

Ughaibuni uraibu huo una vyama vyake. Nchini Ujerumani, chama cha SSDeV kiliundwa mwaka wa 1997, na Uholanzi ndiko kilikozaliwa chama kiitwacho TOOOL, ambacho sasa kina matawi katika mataifa mengine. Wanachama hushindana hadharani, saa mkononi, nani atakayeifungua kufuli kwanza.

Makala haya yanamlenga msomaji wa Mahoo, au kwingineko katika Kaunti ya Taita Taveta, anayetaka kununua seti yake ya kwanza ya vifaa hivyo. Swali la seti ipi inafaa lina jibu la kifundi na jibu la kisheria. Wauzaji huzungumzia la kwanza pekee, ilhali la pili ndilo linaloweza kumgharimu mtu uhuru wake: vijiti vile vile visivyo na tatizo vikiwa mezani pako nyumbani vyaweza kukufikisha kizimbani ukivibeba mfukoni hadi soko la Taveta.

Kwanza ijue kufuli yako

Kosa la kwanza la mwanagenzi ni kununua vifaa kabla ya kujua vitatumika kwa kufuli gani. Seti nyingi zinazouzwa duniani zimetengenezwa kwa ajili ya kufuli za pini, aina iliyoendelezwa nchini Marekani na Linus Yale na mwanawe, Linus Yale Mdogo. Baba alipata hataza mwaka wa 1848, naye mwana akapata zake mwaka wa 1861 na 1865, na ndiye aliyeleta ufunguo mdogo bapa wenye meno upande mmoja ambao sote tunaujua.

Ndani ya kufuli hiyo mna silinda inayozunguka ufunguo unapogeuzwa. Juu ya silinda kuna vijishimo vilivyopangwa mstari mmoja, na ndani ya kila kijishimo mna pini mbili, moja juu ya nyingine, zikisukumwa chini na springi ndogo. Ufunguo halisi huinua kila jozi kwa kimo chake kamili, hata kiungo cha pini hizo mbili kikalingana sawasawa na ukingo wa silinda. Hapo hakuna kinachoizuia, nayo huzunguka.

Siri yote ya uraibu huu imo katika kasoro ndogo isiyoepukika kiwandani. Vijishimo vile havikai katika mstari ulionyooka kabisa. Kwa hivyo, silinda inapokazwa kidogo, pini hazibani zote kwa pamoja, bali moja hubana kabla ya nyingine. Anayezisikiliza kwa ncha za vidole huziinua moja moja. Kadiri kiwanda kinavyokuwa makini, ndivyo tofauti hiyo inavyokuwa ndogo na kazi kuwa ngumu.

Lakini si kila mlango wa Mahoo una kufuli ya pini. Vitasa vingi vya milango ya mbao, vile vya ufunguo mrefu wa mviringo wenye ulimi mwishoni, hufanya kazi kwa bamba bapa zinazoinuliwa ndani, mbili, tatu au tano. Seti ya kawaida ya vijiti vyembamba haifui dafu mbele ya kitasa hicho. Vilevile kuna kufuli mpya ambazo ufunguo wake hauna meno bali una vishimo ubavuni, na nyingine zenye visahani vinavyozunguka, mtindo uliobuniwa nchini Finland mwaka wa 1907 na ambao leo hujulikana kupitia kampuni ya Abloy. Kila moja ina vifaa vyake, na vya visahani ni ghali mno kwa anayeanza.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, kusanya funguo zote zilizo nyumbani uzitazame. Ukiona ufunguo bapa wenye mabonde upande mmoja, hiyo ni ya pini kwa uwezekano mkubwa, na idadi ya mabonde ndiyo idadi ya pini. Mabonde matatu au manne ni mahali pazuri pa kuanzia. Matano au sita, subiri.

Seti iliyo bora

Wauzaji hupenda kutangaza idadi. Utakuta seti ya vipande 24, hata 32, imepangwa kwenye mkoba wa ngozi, bei yake ikiwa chini ya ile ya seti ya vipande 10 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Anayenunua hesabu ya vipande hununua mzigo wa chuma, kwa sababu wazoefu wenyewe hutumia vijiti vitatu au vinne karibu kila siku na vingine hukaa mkobani miaka na mikaka.

Vinavyohitajika hasa ni hivi. Kulabu fupi, yaani kijiti chenye ncha iliyopinda kidogo, ndicho cha kuinulia pini moja moja, na hata seti nzima ingepotea, hicho kingetosha kuendelea kujifunza. Kulabu ndefu kidogo husaidia pini fupi inapojificha nyuma ya pini ndefu. Kijiti chenye ncha ya nusu almasi hufaa kwa kufuli ndogo. Mwisho kuna vijiti vyenye mawimbi, ambavyo hupitishwa haraka juu ya pini zote kwa pamoja. Kimoja au viwili vya namna hiyo vyatosha, maana ingawa hufungua kufuli rahisi upesi, havimfundishi mtu lolote kuhusu kilichotendeka ndani.

Kifaa ambacho wanagenzi hukipuuza ni kile cha kukazia silinda. Ni kipande bapa cha chuma kilichopindwa kama herufi L, kinachoingizwa kwenye tundu la ufunguo na kusukumwa kwa kidole huku kijiti kikifanya kazi. Mikono mingi hushindwa kwa sababu ya kukaza kupita kiasi wala si kwa sababu ya kijiti kibaya. Seti nzuri itakuwa na vipande vitatu au vinne vya kukazia, vyenye upana na unene tofauti, vikiwemo vinavyokaa sehemu ya juu ya tundu na vinavyokaa chini. Ikiwa seti ina vijiti 20 na kipande kimoja tu cha kukazia, aliyeipanga hakuwa akifikiria mtumiaji.

Baada ya hapo tazama unene. Wamarekani hupima kwa sehemu elfu za inchi, na kipimo cha kawaida ni 0.025, karibu milimita 0.6. Kijiti cha unene huo hakipindi ovyo na huingia vizuri katika matundu mapana. Kwa kufuli ndogo zenye tundu jembamba lililopindapinda, kijiti cha 0.018 au 0.015, yaani kati ya milimita 0.5 na 0.4, ndicho kinachopita bila kukwaruza ukuta wa tundu. Kwa kuwa kufuli nyingi za bei nafuu zilizoko katika maduka yetu ni ndogo, ushauri wangu ni kuchagua seti iliyo na angalau vijiti viwili vyembamba, hata kama tangazo linasifia vile vinene.

Chuma nacho kina habari yake. Vijiti vizuri hutengenezwa kwa chuma cha pua kigumu, kisichoshika kutu na kinachorudi katika umbo lake kikipindwa kidogo. Kijiti cha chuma laini hujipinda mara ya kwanza kinapokutana na springi ngumu. Kilicho kigumu kupita kiasi hukatika ghafla, ncha ikabaki ndani ya kufuli. Hali ya hewa ya Taveta ina joto, na jasho la viganja litakionyesha haraka chuma kisichofaa.

Pitisha kidole kwenye ukingo wa kijiti. Kikiwa na ncha kali au mikwaruzo ya mashine, kitakwaruza pini na kuuficha ule mguso mdogo ambao ndio lugha ya kufuli. Watengenezaji wazuri husugua kingo hizo hadi ziwe laini. Ukikipata kijiti kizuri lakini hakijasuguliwa, msasa laini na nusu saa ya subira hutosha.

Kuhusu mpini, sioni haja ya kubishana. Kuna wanaopenda mpini wa chuma kitupu kwa madai kwamba mtetemo wa pini hufika vidoleni bila kizuizi, na kuna wanaopenda wa plastiki au mpira kwa kuwa hauumizi baada ya saa moja.

Miongoni mwa majina yanayofahamika kwa wapenzi wa kazi hii ni SouthOrd na Peterson za Marekani, Sparrows ya Canada na Multipick ya Bonn, Ujerumani. Seti ndogo ya kuanzia kutoka kwa watengenezaji wa kiwango hicho kwa kawaida huuzwa kati ya dola 30 na 50 za Marekani, kabla ya nauli na kodi.

Yapo pia mambo ya kuepuka. Bunduki ndogo za kugonga pini, funguo za kugongwa kwa nyundo na mafungu ya funguo za kutikisa milango ya magari ni vyombo vya haraka. Havina nafasi katika uraibu wa mtu anayetaka kuelewa. Isitoshe, jaribu kumweleza afisa wa polisi kwamba fungu la funguo malaya za magari ni la kujiburudisha.

Kununua ukiwa Mahoo

Duka la vifaa vya ujenzi mjini Taveta au Voi litakuuzia kufuli, lakini kwa kawaida halitakuwa na seti hizi. Wengi huagiza kupitia intaneti. Tangu mwaka wa 2022, Safaricom imekuwa na kadi ya mtandaoni inayomwezesha mteja wa M-Pesa kulipa katika maduka ya nje, hivyo kukosa kadi ya benki si kikwazo tena.

Unapopiga hesabu, usisahau kwamba kifurushi kinachoingia nchini hupitia forodha. Kuna ushuru wa bidhaa na kodi ya VAT ya asilimia 16, pamoja na ada nyinginezo. Agiza kwa jina lako halisi na kwa anwani yako mwenyewe, na usikubali muuzaji anayejitolea kuandika kwenye karatasi za mzigo kwamba ni vifaa vya kutengenezea kucha. Uongo mdogo wa namna hiyo hugeuka ushahidi mkubwa baadaye. Weka risiti.

Kuna wanaouliza kama si rahisi kumwendea fundi wa jua kali akachonge vijiti kutokana na wembe wa msumeno wa chuma. Yawezekana, na wazoefu wengi ughaibuni walianza hivyo. Lakini baadhi ya nyembe hizo ni za chuma kinachokatika kama kioo, na mwanagenzi hajui bado umbo analolitafuta. Pia, utakuwa umemwachia fundi swali ambalo hakuliomba, kwa sababu mbele ya sheria kifaa kilichochongwa karakana hakina tofauti na kilichotoka kiwandani.

Sheria inasemaje?

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 308(2), inasema kwamba mtu ambaye, akiwa mbali na makao yake, ana kifaa cha kutumiwa katika uvunjaji wa nyumba usiku, wizi au ulaghai ana hatia ya kosa kubwa la jinai.

Sehemu inayofuata ndiyo nzito zaidi. Kifungu hicho kinaendelea kusema kwamba ikithibitishwa mshtakiwa alikuwa na kifaa kilichoundwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo, basi uthibitisho huo wenyewe ni ushahidi kwamba alikuwa nacho kwa matumizi hayo. Maneno hayo yanakaribiana sana na yale ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka wa 1968.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na wakili wake atasema kwamba vijiti viliundwa kwa ajili ya mchezo. Pengine atashinda. Lakini kwa kijana aliyekamatwa saa tatu usiku akitoka kwa rafiki, seti ikiwa mkobani, ushindi huo utakuja baada ya korokoro, dhamana na safari kadhaa za kwenda mahakamani. Tena hapo tunadhani kwamba polisi ndio waliomfikia kwanza. Mahali ambapo nyumba za jirani zimevunjwa, umati hauulizi kuhusu vyama vya Uholanzi.

Kwa hivyo neno la kushika katika kifungu hicho ni “makao”. Kinachozungumziwa ni mtu aliye mbali na makao yake. Seti ikae nyumbani. Isiwe kwenye mkoba wa shule, wala chini ya kiti cha pikipiki, wala kwenye kipochi cha funguo kwa ajili ya kuwaonyesha marafiki. Ikibidi kuihamisha, kwa mfano unapohamia nyumba nyingine, isafiri mchana ikiwa imefungwa ndani ya sanduku la vyombo pamoja na kufuli zako za mazoezi na ile risiti.

Wanaoishi karibu na mpaka wana jambo la ziada. Kuvuka kwenda Holili kununua bidhaa ni shughuli ya kawaida kwa watu wa Taveta, lakini ukivuka na vijiti hivyo utakuwa mbali na makao yako, tena chini ya sheria za nchi nyingine. Mataifa hayafanani katika suala hili. Japani, kwa mfano, ilipitisha mwaka wa 2003 sheria maalum inayozuia watu kuwa na vifaa vya kufungulia vitasa bila sababu halali, wakati katika majimbo mengi ya Marekani kuwa navyo bila nia mbaya si kosa.

Aidha, wajulishe watu wa nyumbani. Mzazi anayekuta mkoba wa vijiti chini ya godoro la mwanawe ana haki ya kufikiria mabaya. Mfungulie meza, umwonyeshe kufuli inavyofunguka, mwache naye ajaribu. Jirani aliyekuona ukihangaika na kufuli barazani mchana kweupe hatakuwa na la kunong'ona kwa mzee wa mtaa.

Je, kuandika mambo haya hadharani hakuwapi wezi elimu? Hoja hiyo ilijadiliwa jijini London mwaka wa 1851, pale Mmarekani Alfred Charles Hobbs alipofungua kufuli ya Chubb mbele ya mashahidi kwa muda wa takriban dakika 25. Kisha akaishughulikia ya Joseph Bramah, iliyokuwa imewekwa dirishani mwa duka tangu mwaka wa 1790 ikiwa na zawadi ya gini 200 kwa atakayeifungua. Hiyo ilimchukua saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Waingereza walichukizwa, lakini viwanda vilirudi kazini na kufuli zikaboreshwa.

Mwizi wa nyumba kwa kawaida hana saa 51, wala hana dakika 25. Huja na mtaimbo, akang'oa komeo lililochomelewa vibaya, au akainua bati la paa. Ndiyo maana atakayejifunza kufungua kufuli zake mwenyewe hugundua haraka kwamba kufuli ghali kwenye komeo jembamba ni pesa iliyotupwa, na kwamba lile tundu la mlango wa chuma linalopitisha mkono kufikia kufuli kwa ndani humficha mwizi kadiri linavyomfaa mwenye nyumba.

Kufuli za mazoezi

Fungu la mwisho la bajeti ni la kufuli zenyewe. Nunua mbili ndogo za shaba zenye pini tatu au nne, na moja ya pini tano kutoka kampuni nyingine, kwani mkono hujifunza kwa kulinganisha. Kufuli za plastiki angavu zinazoambatana na seti za bei rahisi huonyesha vizuri pini zinavyopanda, lakini zimelegea mno. Tumia siku mbili kwa macho, kisha ziweke kando. Baadaye utakutana na pini zenye kiuno, zilizochongwa hivyo ili zikwame kabla ya silinda kuzunguka, nazo zitakurudisha darasani.

Fundi wa milango naye huwa na vitasa vikuukuu alivyoving'oa. Akikupa kimoja, mwombe akuandikie japo kwenye kipande cha karatasi kwamba ni chako.

Kuna kanuni mbili ambazo vyama vya wapenzi wa kufuli huwasomea wageni siku ya kwanza. Usiguse kufuli isiyo yako bila ruhusa ya mwenyewe, na usifanyie mazoezi kufuli unayoitegemea. Ya pili hupuuzwa zaidi, kumbe ina sababu ya kifundi: kijiti hukwaruza pini, huchosha springi, na kipande cha kukazia hupanua tundu la ufunguo. Kufuli iliyofunguliwa mara mia mezani yaweza kugoma asubuhi moja ikiwa mlangoni, au ikafunguka kwa ufunguo usio wake.

Ndiyo sababu inafaa kuzipaka kufuli za mazoezi rangi nyekundu upande mmoja. Katika nyumba yenye watoto na wageni, haipiti wiki kabla ya mtu kuokota kufuli iliyo mezani na kwenda kuifungia ghala.